Konokono na Njaa ya Ijumaa Kuu



Kuna neno nilimwambia mdogo wangu Kwaresima iliyopita, mpaka leo linanichoma. Ijumaa Kuu, saa tano asubuhi, nilimkuta jikoni anakula viazi vya jana. Nikamwita mlafi. Akasema, "Kaka, tumbo linawaka moto." Wala sikumsikiliza.

Juzi nikasoma habari za konokono wa bwawani, Lymnaea stagnalis. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba uamuzi wake wa kula unategemea aina mbili za seli za neva: moja hutoa taarifa kama chakula kipo, nyingine kama ana njaa. Hiyo ya pili hufanya kazi kwa dopamini, kemikali ambayo hata sisi tunayo ubongoni. Konokono akishiba anapunguza kukwangua majani, na hakuna anayemsifu eti ana kiasi.

Rafiki yangu akanicheka: "Unaona? Na wewe ni kemikali tu. Sasa kufunga ni nini, dhambi ni nini?"

Jamani, nilikosa jibu la haraka. Baadaye nikamkumbuka Mtakatifu Thoma wa Akwino. Yeye alitenganisha tendo linalotoka kwenye akili na utashi, na lile linalotokea tu, kama mtu kukuna ndevu bila kufikiri. Njaa iko huko kwa ndevu. Siichagui, na si dhambi. Yesu mwenyewe aliona njaa jangwani baada ya siku 40. Swali langu linaanza njaa ikishasema yake: nisubiri, nigawane, au nile kwa shukrani? Konokono hafiki hapo.

Ila nafasi hiyo ya kuchagua hatulingani. Katekisimu, namba 1735, inakubali kwamba woga, mazoea na mengine ya nafsi yanaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu, hata kuuondoa. Na sheria ya Kanisa ya kufunga inaanza miaka 18, tena mgonjwa haimbani. Mdogo wangu alikuwa na 16. Wiki mbili baadaye hospitali wakasema ni vidonda vya tumbo. Kumbe aliyekosa kiasi siku ile ni mimi, tena kwa mdomo, na seli zangu sizisingizii.

Nimemwomba msamaha, amenisamehe. Lakini siku hizi akila, anafunga mlango wa jikoni.