Ajuaye Mapema: Haki ya Faida katika Mpaka wa Uvira

Swali la iwapo faida itokanayo na kuijua sheria, au mwelekeo wa uchumi, kabla ya wengine ni faida ya haki limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni wa dini kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na uzito wake haujapungua mahali kama Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mji mmoja hutazamana na Burundi ng'ambo ya bariyeri ya Kavimvira, hutumia fedha zaidi ya moja, na hula kutoka katika Ziwa Tanganyika, linalomilikiwa na mataifa manne. Mahali pa namna hiyo mabadiliko ya kanuni si habari ya ofisini tu, kwa kuwa hufika sokoni yakiwa bei. Wachumi huliita pengo kati ya bei ya leo na ile ambayo mambo yanaelekea kuizaa kuwa ni fursa, na Israel Kirzner, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu ushindani na ujasiriamali, alishikilia kwamba kazi hasa ya mjasiriamali ni kuwa macho, yaani kuliona pengo ambalo wengine wamelipita. Maelezo hayo yanatosha kuonyesha jinsi faida inavyopatikana, lakini yananyamaza kuhusu jambo linaloulizwa hapa, yaani kwa nini wale wengine hawakuliona.

Mkongo wa Uvira hana upungufu wa mapengo ya kutazama. Mwaka 1976 Zaire (Kongo ya leo), Burundi na Rwanda ziliunda jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na baadaye ukaja utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambao huwapunguzia wachuuzi wa mpakani makaratasi na ushuru kwa shehena ndogo za bidhaa zilizotajwa katika orodha maalumu. Kisha, tarehe 8 Aprili 2022, Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kavimvira na Gatumba, iliyo upande wa Burundi, zikawa milango miwili ndani ya jumuiya moja. Mei 2023 Burundi ilishusha kwa kiasi kikubwa thamani rasmi ya franka yake, na uhaba wa mafuta ulioikumba nchi hiyo ukawafanya madereva wa Bujumbura waje kujaza vyombo vyao Uvira. Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya jimbo la Kivu Kusini, ilipotekwa na waasi wa M23, taasisi za serikali ya jimbo zilihamia Uvira, na pamoja nazo watumishi, mahitaji ya nyumba na kodi za juu za kupanga. Katika kila tukio miongoni mwa haya yupo aliyetajirika na yupo aliyefilisika, na mara nyingi kilichowatenganisha si bidii.

Cicero, katika kitabu chake kuhusu wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo, aliliweka swali hili katika umbo ambalo halijachakaa. Mfanyabiashara mwema anatoka Alexandria na meli ya nafaka kwenda kisiwa cha Rhodes, ambako kuna njaa na bei iko juu. Njiani ameziona meli nyingine nyingi zikielekea huko huko, naye amezitangulia. Je, awaambie watu wa Rhodes kwamba nafaka zaidi iko njiani, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero aliwapambanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa: Diogenes wa Babeli, aliyeona kwamba muuzaji anawajibika kueleza kasoro za bidhaa kwa kadiri sheria ya nchi inavyodai na kwamba kunyamaza si sawa na kuficha, na Antipater wa Tarso, aliyeona kwamba mtu anawiwa na binadamu wenzake hata pale sheria isipomdai. Cicero mwenyewe alimuunga mkono Antipater. Karne kumi na tatu baadaye Toma wa Akwino aliamua kwa upole zaidi: mfanyabiashara huyo havunji haki akiuza kwa bei anayoikuta, kwa sababu yajayo si sehemu ya bidhaa iliyopo mkononi mwake, ingawa angekuwa mwema zaidi kama angesema au angepunguza bei. Hukumu ya Toma ina faida ya kutomdai mchuuzi maskini ushujaa wa mtakatifu kila asubuhi, lakini ina udhaifu wake pia, kwa kuwa inapima maneno ya muuzaji bila kuuliza mnunuzi alizuiwa na nini asijue mwenyewe.

Hapo ndipo fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inapoonekana kuufahamu mpaka vizuri kuliko wanafalsafa hao. Hadithi za Mtume zimekataza jambo linaloitwa talaqi rukbani, ambalo maana yake ni kuwatokea wenye misafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Na katika mapokeo ya Imamu Muslim, mwenye mali iliyonunuliwa hivyo ana hiari ya kuuvunja mkataba afikapo sokoni na kugundua thamani ya kweli. Katazo hili halimlaumu mnunuzi kwa kuijua bei, wala halimtaki amhutubie kila mkulima. Linamlaumu kwa kusimama kati ya mtu na mahali ambapo angejua. Anayepanda kwenda bonde la Rusizi kununua mpunga kwa sababu amefuatilia kushuka kwa franka ya Burundi na kukokotoa athari yake, huku mkulima akiwa na njia na simu ya kuulizia bei, yuko katika hali moja. Anayefika huko siku ambayo barabara imefungwa, huku akijua kwamba kesho itafunguliwa, yuko katika hali nyingine kabisa, ijapokuwa gunia, mizani na tabasamu ni vile vile.

Ziwa lenyewe linatoa mtihani ulio wazi zaidi. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekewa makao yake Bujumbura, na mwaka 2021 nchi hizo zilikubaliana kanuni za pamoja za uvuvi, ambazo ndizo zilizoleta wazo la kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki aina ya ndagala na mukeke wapate kuzaliana; Tanzania ilianza kulitekeleza katika maji yake mwaka 2024. Amri yenye tarehe za namna hii ni fursa iliyotangazwa. Mwenye turubai na ghala anaweza kununua ndagala wakati wa wingi, akawakausha kwa jua na kuwauza taa za wavuvi zinapozimwa, na hapo ndipo watu humkimbilia kumwita mlanguzi.

Wanazuoni hawakuwa wepesi hivyo. Kuhodhi, au ihtikari, ni kuzuia bidhaa isiwafikie watu ili bei ipande, na madhehebu ya Shafi huiwekea mipaka: kosa ni kununua chakula wakati wa uhaba ili kukizuia, si kukiweka akiba wakati wa wingi. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa aliyefariki mwaka 798, alipanua katazo hilo lihusu kila kitu ambacho kuzuiwa kwake kunawadhuru watu, si chakula peke yake, na upanuzi huo ungeyagusa bila shaka madumu ya petroli. Lakini hata kwa kipimo chake, mkaushaji wa ndagala anayeuza katikati ya Juni anafanya kazi ya kuhamisha chakula kutoka mwezi wa shibe kwenda mwezi wa njaa, na kazi hiyo ina ujira. Tatizo huanza pale ambapo kinachouzwa si samaki bali ujuzi wa mtumishi wa serikali: kwamba doria haitatoka wiki fulani, au kwamba tarehe itasogezwa na tangazo litakaa kwanza mezani mwa mtu. Katika hali hiyo faida haikutokana na kuona mbali, ilitokana na wengine kufungwa macho.

Toma wa Akwino ana hoja ya pili, isiyotajwa sana katika mijadala ya biashara, ambayo ina nguvu kuliko ile ya nafaka. Katika maelezo yake, sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya manufaa ya wote, lililotolewa na mwenye dhamana juu ya jamii, na lililotangazwa. Kutangazwa si adabu inayofuata baada ya sheria kukamilika, ni sehemu ya kuwa sheria. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006 inakaribia fikra hiyo kwa namna ya kushangaza. Kifungu cha 62 kinasema kwamba hakuna anayedhaniwa kutoijua sheria, na kifungu cha 142 kinaiamuru serikali iisambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu itiwe saini. Vifungu hivyo viwili vinategemeana: dola haina haki ya kimaadili ya kumdai mchuuzi wa mtaa wa Kimanga mjini Uvira kile cha kwanza pale inapoacha kutimiza cha pili.

Athari yake inaonekana bariyerini. Amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara nne tu zinazoruhusiwa kufanya kazi mipakani, nazo ni forodha, ambayo watu huiita duwane, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa ya OCC, uhamiaji wa DGM, na afya ya mipakani. Mama anayevuka na beseni la nyanya na anayeijua amri hiyo anaweza kumuuliza mtu wa tano anayemdai fedha amesimama hapo kwa idhini ya nani; asiyeijua atalipa, kisha ataongeza malipo hayo katika bei ya nyanya. Ndivyo ilivyo pia kwa orodha ya bidhaa za COMESA, ambayo hugeuka kuwa mtaji wa yule anayeihifadhi kichwani na kuwatoza wengine kwa kuwasomea. Haifai kumlaani msomaji huyo, maana huduma yake ni ya kweli, lakini ujira wake unapimwa kwa ukubwa wa uzembe wa serikali, na jamii inayoita hali hiyo ujasiriamali imelipa jina zuri deni ambalo dola inadaiwa.

Hata hivyo, kutangaza hakumalizi kila kitu, na hoja nzito dhidi ya mtazamo kwamba tangazo linatosha imo katika kisa cha Yusufu, ambacho Wakristo na Waislamu wa Uvira wanakijua kwa pamoja. Yusufu hakuficha lolote: alieleza miaka saba ya neema na saba ya ukame mbele ya mfalme na baraza, na kitabu cha Mwanzo kinaeleza kwamba sehemu moja ya tano ya mavuno iliwekwa akiba. Walakini, katika sura ya 47 ya kitabu hicho, watu wale wale waliookolewa kutokana na njaa wanatoa fedha zao, kisha mifugo, kisha mashamba na miili yao, hadi nchi yote inakuwa ya Farao isipokuwa ardhi ya makuhani. Qurani, ambayo inasimulia kisa hicho katika sura inayobeba jina la Yusufu, haina sehemu hii. Kinachojitokeza katika simulizi la Mwanzo ni kwamba habari inaweza kuwa ya wote huku ghala likiwa la mmoja. Mvuvi anayeijua tarehe 15 Mei sawasawa na tajiri, lakini asiye na turubai, chumvi wala akiba ya kumvusha hadi Agosti, hana fursa yoyote katika ujuzi huo. Anajua tu siku atakayoanza kukopa.

Kwa sababu hiyo, hiari aliyopewa mwenye msafara katika fikihi inastahili kufikiriwa upya na vyama vya wavuvi na vya wachuuzi wa mpakani, ambavyo haviwezi kuilazimisha serikali kutafsiri amri zake lakini vinaweza kuweka kanuni baina ya wanachama. Mkopo uliotolewa kwa mvuvi kabla ya ziwa kufungwa, ukiwa umewekewa dhamana ya nyavu au mtumbwi kwa bei iliyopangwa na mkopeshaji aliyejua kile ambacho mkopaji hakuambiwa, ungeweza kufunguliwa na kupangwa upya mbele ya wazee wa chama baada ya bei ya soko kujulikana. Na mkopeshaji aliyefanya hesabu zake kutokana na tangazo lililobandikwa hadharani angebaki na faida yake yote.