Nani Aambiwe Kwanza?

Mama alikuwa anaanua dagaa uani, Nansio, simu ilipoita. Jina lililotokea ni la kaka, kwa hiyo alipokea huku anacheka. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Aliulizwa yeye ni nani kwa mwenye simu, akasema ni mama yake. "Mama, huyu amegongwa na gari huku barabara ya Bunda. Amefariki. Mje kumtambua." Simu ikakatika. Mama alikuwa peke yake na mbuzi wawili.

Jioni ile baba mdogo alinipigia Dar es Salaam. "Kaka yako amepata ajali, hali yake si nzuri. Njoo." Nilipanda basi la alfajiri, nikalala Mwanza, asubuhi nikashika meli. Saa tatu ziwani nilikuwa napanga tutakavyomhamishia Bugando na nani wa kumwomba mkopo. Grupu la familia lilikuwa kimya. Baadaye nilijua watu walikatazwa kuandika. Tulipofunga gati Nansio nikawaona wajomba watatu na rafiki yangu wa utotoni wamesimama pamoja. Hakuna aliyenipungia mkono. Nikajua.

Muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili tulijadili insha ya Immanuel Kant ya mwaka 1797, ile inayosema usidanganye hata kama muuaji amekuja mlangoni kuuliza rafiki yako amejificha wapi. Wenzangu walibishana kuhusu muuaji. Mimi nilikuwa namfikiria baba mdogo. Kwa hesabu ya Kant, askari alitenda haki na baba mdogo alikosa. Nyumbani kwetu hukumu ni kinyume kabisa: askari ni katili, baba mdogo ana busara.

Sikubaliani na upande wowote, ingawa kwa muda mrefu nilimkasirikia baba mdogo zaidi. Uongo wake ulinifanya niombee jambo lililokwisha kuamuliwa. Nilikuwa mtu mzima, nilistahili kujua ninasafiri kwenda kuzika. Lakini kila nikirudia siku ile nakutana na watu wanne gatini. Maneno ya baba mdogo yalikuwa ya uongo, ila yalikuwa na watu wa kunidaka. Maneno ya askari yalikuwa kweli tupu, na mama akayapokea akiwa na ungo wa dagaa mkononi.

Simlaumu askari kwa ukweli. Namwona kando ya barabara, jua kali, maiti chini ya kitenge cha msamaria, simu isiyo na nywila, na jina la kwanza analoliona ni "Mama". Ninachomdai ni kilichofuata. Hakusema mwili umepelekwa wapi wala nani wa kumuuliza. Ilipita miezi ndipo tukaambiwa, tena kwenye msiba wa watu wengine, kwamba gari lolote barabarani linatakiwa angalau liwe na bima ndogo, kwamba waliomtegemea marehemu wanaweza kudai fidia, na kwamba dai haliendi popote bila karatasi za polisi. Kumweleza mfiwa hayo si hisani. Polisi ndiye aliyepima barabara, ndiye aliyeandika namba ya gari. Sisi tungeyajulia wapi?

Tarehe 20 Septemba 2018, nilipokuwa nimetoka kumaliza kidato cha sita, MV Nyerere iliyotoka Bugolora ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya, Ukara. Kivuko kilichoruhusiwa abiria 101, walikufa 228. Serikali ilikuja. Waziri Mkuu alikuja, majeneza yakaja, bendera zikashushwa nusu mlingoti siku nne. Watu waliwatambua ndugu zao huku wameshikwa mabega na majirani. Siwaonei wivu, Mungu anisamehe. Lakini tangu kaka afe najiuliza kama deni la dola kwa mfiwa linakua kwa idadi ya maiti. Waliokufa Ukara walikufa pamoja, kwa hiyo walionekana. Wa bodaboda na wa kando ya lami wanakufa mmoja mmoja, na kila mmoja anaangukia zamu ya askari mmoja mwenye salio la shilingi mia mbili.

Likizo iliyopita nilimuuliza jirani yetu, askari mstaafu, yeye alifanyaje. Alisema hakufundishwa, alijiongeza. Hakupiga simu kwa mzazi hata siku moja. Alimtafuta mwenyekiti wa kitongoji, mwenyekiti akatafuta mwanamke mtu mzima wa karibu na familia, ndipo wote watatu wakaenda kubisha hodi. Habari aliisema yeye mwenyewe, kwa sababu, alisema, ni kazi yake na si ya jirani.

Nilifurahi. Niliona nimepata jibu ambalo hata Kant angelipitisha: ukweli wote, pamoja na watu wa kukudaka. Nikaenda nalo kwa mama, jikoni, nikamweleza kwa kirefu, na mwenyekiti wangu na yule mama mtu mzima.

Alisikiliza hadi mwisho, akapunguza moto.

"Kwa hiyo kitongoji kizima kijue mwanangu amekufa," alisema, "na mimi bado niko uani naanua dagaa?"