Mti Uliobaki Mmoja

Katika kisiwa cha Rodrigues, nchi ya Mauritius, kuna mti mdogo wa maua meupe, café marron, usioota wenyewe mahali pengine popote. Watu walidhani umekwisha, mpaka mwaka 1980 mwanafunzi akauona mmoja tu. Mwaka 1986 vipandikizi vyake vilipelekwa bustani ya Kew, London. Kimoja kikashika mizizi. Kikachanua na kuchanua, bila mbegu, hadi 2003. Miaka 17! Sisi wa ugenini tunaijua miaka ya namna hiyo. Watoto wetu waliozaliwa hapa makazini wanauliza kwao ni wapi, nasi tunanyamaza. Tusome Ayubu 14:7. Anasema habari za mti uliokatwa. Mbegu zile zilirudishwa Rodrigues, zikaota, na mti mama ulikuwa ungali umesimama.