HAKI YA SAMAKI ASIYE NA BEI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Katika darasa letu la Shauri Moyo tulisoma hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ya kuwa mwanachuoni huombewa maghufira na walio mbinguni na ardhini, hata samaki waliomo majini. Ndugu mmoja auzaye samaki hapo Gikomba akatuuliza: "Ikiwa samaki watuombea sisi, je, sisi tuna wajibu gani kwao? Au haki ya samaki yaishia kwenye mizani?" Tumeona swali hili si la kupuuzwa.

Na tuchukue mfano wa samaki ambaye mizani haikumthamini, naye ni fulu wa Ziwa Viktoria. Ni samaki mdogo, mwenye miba mingi, ambaye wafanya biashara wakubwa walimdharau. Wataalamu wamekisia aina zake kuwa yapata 500. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ziwani humo akatiwa mbuta, samaki mkubwa alaye wenziwe, ili uvuvi ukue. Na katika miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zikatoweka. Baadhi ya waliosalia, pamoja na ngege wa asili, wamepata kimbilio katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala. Mafunjo ndiyo ngome yao: maji yaliyo chini yake yana hewa haba, mbuta hawezi kuyapita, ilhali wadogo hawa wayastahimili. Lakini ngome hiyo nayo yabomolewa. Tokea miaka ya 1960 sehemu za kinamasi zimekaushwa kwa ajili ya mashamba, na mafunjo yamekatwa na kuchomwa.

Atasema msemaji: "Watu wana njaa, nanyi mwatuhubiria khabari za visamaki?" Twajibu: uhai wa binadamu watangulia, wala hatusemi mtoto alale na njaa ili fulu aishi. Lakini mafakihi wametufundisha kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa huvua apate shibe. Hana haja ya kukausha maji. Tena na tuulize: kinamasi kinapokauka, ni nani apotezaye kitoweo chake na mafunjo yake ya kusukia mikeka? Ni maskini yule yule ambaye njaa yake ilifanywa hoja.

Wako wadhanio kuwa kisichotufaa sisi hakina haki ya kuwako. Hili ni kosa. Sura ya Al-An'am yatufundisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu. Na katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Mola wake akamlaumu kwa kuangamiza umma unaomsabihi. Chungu yule aliuma. Je, fulu amemuuma nani? Haki yake haikutokana na faida yetu, bali yatokana na Muumba wake. Na aina moja ikishatoweka, hapana mwanadamu awezaye kuirudisha.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliharimisha kukatwa miti ya Madina na kuwindwa wanyama wake. Mwaka 2010 Ziwa Kanyaboli lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Ni jambo jema. Lakini tangazo peke yake halizuii panga, ikiwa nyoyo hazijakubali.

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa Yala. Mto wa Nairobi wapita hapa hapa ubavuni mwa Gikomba, nasi twautupia uchafu wetu, kisha twaenda kutawadha kwa maji safi ya mfereji. Twawausia ndugu zetu, na nafsi zetu kabla yao, tuanze na taka za milangoni petu. Kwani ni aibu kwa mwenye kutafuta elimu kutaraji dua ya samaki, hali mkono wake ndio utiao sumu katika maji yao.

Wabillahi tawfiq.