Gitaa la Freddie Green

Mgeni wa bendi kubwa ya jazi humfuata anayesimama: mpiga saksafoni anainuka, anacharaza ya kwake, anashangiliwa, anaketi. Hakosei, ila muziki mwingi unampita. Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937, akaipigia gitaa hadi alipofariki mwaka 1987. Gitaa lenyewe halikuwa la umeme. Alizipandisha nyuzi juu ya shingo ya gitaa kuliko kawaida, akapiga mapigo manne, manne, wimbo mzima, na kupiga peke yake ilikuwa nadra mno. Katika rekodi nyingi ukimtafuta humpati. Utakachokuta ni besi inayoanza kwa ukali usio wa besi, na dramu zenye noti ambayo dramu hazina. Ndiyo maana nashikilia kwamba kuuthamini muziki huu ni kusikia jinsi sauti zinavyoegemeana, hata pale ambapo mwenye sauti hatambuliki.

Mbishi atauliza: nisichoweza kukitenga kwa sikio nakisikiaje? Huenda namsifu Green kwa kuwa nimesoma habari zake. Hoja ina uzito, lakini inachukulia kwamba kusikia ni kutenganisha. Katika “Mood Indigo” ya mwaka 1930, Duke Ellington aliupindua mpangilio wa New Orleans: tarumbeta na tromboni zilizozibwa midomo akaziweka juu, klarineti akaishusha chini kabisa. Inazuka rangi isiyo ya ala yoyote kati ya hizo tatu. Asiyejua hata klarineti inafananaje huisikia rangi hiyo. Elimu huja baadaye kumweleza imetoka wapi.

Pingamizi la mwanafalsafa Theodor Adorno ni gumu zaidi. Katika maandishi yake ya mwaka 1936 aliuona uhuru wa mpigaji wa jazi kuwa pambo tu juu ya umbo lililokwisha kupangwa. Kwa bendi nyingi za dansi za enzi hiyo, tukubali, alipatia. Lakini naye aliutafuta uhuru kwa yule anayesimama. Green, aliyeketi, aliamua katika kila pigo noti ilie kiasi gani kabla mkono wa kushoto haujalegea na kuizima, na wenzake zaidi ya kumi walitua juu ya uamuzi huo. Kwamba jina kwenye bango lilibaki la Basie ni kweli pia, na hilo sikio haliwezi kulirekebisha.