Upepo Kifuani

Wapo walioamka leo moyo ukienda mbio, na hakuna aliyewafukuza. Usingizi ulikatika saa tisa usiku, tumbo limejikunja, mawazo yanaruka kutoka ada ya shule hadi kodi ya nyumba.

Waganga wa Ayurveda, tiba ya kale ya India, husema hapo vata imechafuka, yaani nguvu ya upepo mwilini: kavu, baridi, nyepesi, haitulii. Dawa yao huanzia jikoni, kwa kinyume cha upepo huo. Chakula kiwe cha moto, laini, chenye mafuta kidogo. Mchele na choroko huchemshwa pamoja hadi virojeke; bizari nyembamba na manjano hukaangwa kwenye samli, kisha humwagwa juu vingali vinatatarika. Hiyo ndiyo khichdi.

Kitabu chao, Charaka Samhita, kinaagiza pia namna ya kula: subiri chakula cha awali kisagike, usiharakishe, usiongee, akili iwe kwenye sahani. Kwa hiyo hata redio hii izime, sitanuna.

Nadharia ya upepo siitetei. Lakini chai kali ya rangi tumboni patupu, simu mkononi, huuongezea moyo mbio. Hiyo ndiyo kazi ya kafeini. Na kama hofu inakunyima usingizi wiki baada ya wiki, choroko hazitoshi. Nenda kituo cha afya, umweleze daktari waziwazi, kama ambavyo ungemweleza homa.