Je, moshi ni mkate?



Siku moja ya kiangazi tulikwenda kumtembelea baba mmoja wa parokia yetu, mfanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha madini. Jina lake tutaliacha, na jina la kiwanda vilevile. Mtoto wake wa mwisho alikuwa akikohoa tangu usiku. Upepo ulikuwa umegeuka, na moshi ulilala juu ya nyumba kama blanketi. Koo likatuwasha, macho yakatoka machozi. Tukamwambia: «Baba, moshi huu unamwumiza mtoto.» Akatujibu kwa upole: «Mwalimu, moshi huu ndio unaomlisha.»

Tukanyamaza. Tulisoma mengi katika seminari, lakini siku ile hatukuwa na jibu. Tukanywa maji aliyotupa, tukaaga. Lakini neno lile limetufuata mpaka leo, nasi twataka kulipima pamoja nanyi. Swali ni hili: Je, anayempa mtu mkate amepata kwa hiyo haki ya kumharibia pumzi?

Kwanza tusimcheke baba yule. Alisema jambo ambalo wengi wamelisema kabla yake. Tazameni mji wa Lubumbashi, ambao uliitwa Elisabethville hadi mwaka 1966. Mji ulianza mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru lake la shaba likatoa shaba ya kwanza. Nyumba, barabara, shule na hospitali zililifuata tanuru kama vifaranga wanavyomfuata mama yao. Dohani yake, lile bomba refu la moshi lenye meta 153, yaonekana toka mbali, na karibu yake umesimama mlima mweusi wa mabaki ya shaba. Wazazi wetu wametusimulia kilio cha miaka ya 1990. Gécamines, ambayo hapo nyuma ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, mwaka 1994 haikufikisha hata tani 50,000. Moshi wa dohani ulipopungua, moshi wa majiko ya nyumbani nao ulipungua. Wakati ule nani angethubutu kuulaani moshi? Watu waliuombea urudi.

Basi moshi ni alama ya kazi, na kazi ni jambo jema. Hayo twakubali. Lakini alama ya kitu si kitu chenyewe. Tuuangalie sasa moshi wenyewe.

Katika mawe mengi ya shaba, kama yale ya Kipushi, mna kiberiti, yaani sulfuri. Jiwe likichomwa, sulfuri hugeuka hewa kali inayochoma koo na mapafu. Ikikutana na maji hewani, hugeuka asidi na kuanguka pamoja na mvua. Moshi huchukua pia vumbi la shaba, la risasi, la zinki, hata la aseniki ambayo ni sumu. Katanga, upepo huvuma mara nyingi kutoka kusini-mashariki. Kwa sababu hiyo moshi wa tanuru la Lubumbashi ulikwenda miaka na miaka upande wa kaskazini-magharibi. Huko miti ya miombo ilikufa, majani yakakauka, na mvua ikauchukua udongo usio na kitu cha kuushika. Kilima cha Penga Penga kilibaki na vipara. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha huko majani yanayovumilia shaba, ili udongo ufunikwe tena. Fikirini: moshi hupita kwa dakika moja, lakini kilichoanguka kutoka ndani yake hukaa udongoni hata baada ya moto kuzimika.

Na watu je? Mwaka 2009 waganga na wataalamu walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya madini. Walikuta kobalti na madini mengine kwa kiasi kikubwa sana, hata kwa watoto, ambao hawajawahi kushika kazi ya kiwanda. Mwaka 2020 wengine walitangaza kwamba huko Lubumbashi watoto wanaozaliwa na kilema walionekana zaidi kwa baba waliofanya kazi ya madini. Hawakusema kwamba kila kilema na kila kikohozi chatoka huko, nasi tusiseme zaidi yao. Lakini mwenye akili akisikia hayo hawezi kulala usingizi wa mtu asiyejua.

Sasa turudi kwa swali letu. Wahenga walisema: panapofuka moshi hapakosi moto. Sisi tuongeze: penye moto pana chungu, na penye chungu pana walaji. Mama akipika bukari, moshi wamtoa machozi. Lakini chungu ni chake, na walaji ni watoto wake. Akichoka na moshi, aweza kuhamisha mafiga au kungoja upepo. Tena wazee wetu wa Katanga waliyeyusha shaba zamani, kabla ya Wazungu kufika. Walijenga matanuru madogo kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makala wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakatengeneza misalaba ya shaba. Moshi wao ulikuwa mdogo, na msimu ulipokwisha moto ulizimika.

Kiwanda si jiko la mama. Chungu ni cha mmoja, macho yanayolia ni ya wengine. Shaba yapanda gari-moshi kwenda mbali, faida yapita mipaka, lakini moshi wabaki kwa jirani. Na jirani huyo mara nyingi ni maskini, kwa sababu mwenye fedha hujenga upande ambao moshi hauendi. Tulifundishwa kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Hewa ni ya nani? Wengine husema: si ya mtu. Wakosea. Kisima cha kijiji hakina mwenyewe mmoja, lakini anayekitia sumu amewaibia wote. Kitu cha wote si kitu cha bure.

Twasikia udhuru wa namna tatu.

Wa kwanza ni ule wa baba yetu: moshi ndio mshahara. Hapana. Mshahara ni malipo ya kazi. Mfanyakazi amekodisha mikono yake na saa zake. Mapafu yake hakuyakodisha. Na hata angetaka kuyauza yake, mapafu ya mtoto si mali yake. Tena, mtu mwenye njaa akikubali jambo, tusiseme amekubali kwa hiari. Ni njaa iliyotia sahihi.

Udhuru wa pili: nchi tajiri zilianza hivyohivyo; tuacheni nasi tupate zamu yetu. Ni kweli zilianza hivyo. Mwezi wa Desemba 1952, mji wa London ulifunikwa siku tano na ukungu uliochanganyika na moshi wa makaa ya mawe. Hesabu ya kwanza ilikuta watu 4,000 wamekufa, na hesabu za baadaye zikazidi hapo sana. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi. Lakini mtu akitumbukia shimoni mbele yako, je, utasema nawe una zamu yako ya kutumbukia? Waliotangulia waliweza kusema hawakujua. Sisi tunaofuata hatuwezi.

Udhuru wa tatu: kusafisha moshi ni gharama kubwa. Hapa tusikilize habari ya Trail, mji mdogo wa Kanada wenye kiwanda cha kuyeyusha risasi na zinki. Moshi wake ulivuka mpaka na kuharibu mashamba na misitu ya watu wa Marekani. Wakulima wakalalamika, nchi mbili zikapeleka shauri kwa waamuzi, na hukumu zikatoka mwaka 1938 na mwaka 1941: uharibifu ulipwe, na nchi isiruhusu ardhi yake itumiwe kwa kupeleka moshi wa madhara katika nchi ya jirani. Na kile kiwanda je, kilikufa? Hakikufa. Kilianza kuikamata sulfuri na kuitengeneza asidi, kisha mbolea, kikaiuza. Hata kwetu Katanga viwanda vingi vyahitaji asidi hiyohiyo ili kuitoa shaba katika mawe. Kwa hiyo sulfuri ikikamatwa ni mali. Ikiachwa hewani ni ugonjwa. Gharama iko kwa vyovyote. Tofauti ni nani anailipa: mwenye kiwanda kwa mashini zake, au mama kwa franka zake mbele ya dirisha la duka la dawa.

Leo nchi yetu yatoa shaba kuliko wakati wote uliopita. Mwaka 2023 ilipita tani milioni 2. Viwanda vipya vyajengwa. Ndiyo maana swali hili haliwezi kungoja. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, yampa kila mtu haki ya kuishi mahali penye afya. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya wakubwa peke yao. Mkaaji wa kartiye aweza kuyashika, kuandika siku ambazo moshi ulishuka, kukaa pamoja na wenzake, na kupeleka neno kwa serikali bila matusi na bila woga.

Na sisi wenyewe tujiulize. Ni nani anayechoma mipira ya mituka na mifuko ya plastiki nyuma ya ua, karibu na dirisha la jirani? Mdomo unaodai hewa safi kwa kampuni, na mkono unaomtilia jirani moshi, ni vya mtu mmoja. Kosa letu ni dogo kuliko la kiwanda, lakini ni la ukoo uleule.

Mwishowe tulirudi kwa baba yule. Mtoto alikuwa amepata nafuu, anacheza mlangoni. Tukamwambia: «Baba, siku ile tulikosa jibu. Anayemlisha mtoto wako si moshi. Ni kazi ya mikono yako. Moshi ni kile ambacho wengine hawajataka kukilipia.» Alitazama juu muda mrefu, upande wa dohani. Kisha akasema: «Mwalimu, neno hilo nitalipeleka kwa wenzangu. Lakini kesho nitaingia kazini saa kumi na mbili.»

Nasi twasema: aingie, na aheshimiwe. Hatutaki moto wa kazi uzimwe. Twataka yule anayekula kutoka katika chungu ashughulike pia na moshi wake.